Baridi iliangusha majani, maji yakaozesha mizizi: Somo la muuza bonsai wa Gisimenti

GISIMENTI, Kigali. Ukiteremka kituo cha mabasi cha Remera na kufuata barabara ya kwenda Gisimenti, katikati ya baa, maduka ya simu na harufu ya nyama choma, utamkuta mama mmoja ameketi kwenye kibaraza na miti yake. Si miche ya kwenda shamba. Ni miti mizima iliyokomaa, ina shina nene, mizizi iliyoshika jiwe na matawi yaliyotandaa, lakini haifiki gotini. Ndiyo bonsai, miti inayofugwa chunguni kwa miaka ikapogolewa matawi na mizizi hadi ikabaki midogo.

Wapita njia wengi husimama, hushangaa, huuliza bei, huondoka. Wateja wake hasa si wao. Ni wenye hoteli, ofisi na nyumba za wageni, na baadhi yao wako ng'ambo ya mpaka. Ndiyo maana msimu wa kiangazi uliopita aliagizwa vyungu 24 kwenda Kabale, Uganda. Lilikuwa agizo kubwa kuliko yote aliyowahi kupata, na ndilo lililomtia hasara kubwa kuliko zote.

Ameomba jina lake lisiandikwe, kwa sababu mteja yule bado ni mteja. Lakini amekubali kisa chake kisimuliwe, kwani kila wiki huwaona wenzake wakipakia miche ya parachichi, maua ya vyungu na miti ya mapambo wakienda nayo milimani bila kujua kilichompata yeye.

Ilikuwa hivi. Aliondoka Kigali saa tisa usiku kwa pikapu isiyofunikwa, ili afike Gatuna mapema ofisi zikiwa hazina foleni. Vyungu vilipangwa vizuri, vikabanwa kwa magunia visianguke. Vilifika Kabale bila kuvunjika hata kimoja. Mteja akafurahi, akalipa nusu, akaahidi nusu nyingine mwisho wa mwezi. Siku ya kumi simu ikalia: miti tisa imepukutisha majani yote, njoo uchukue mizigo yako.

Alikwenda. Kurudi na miti kuvuka mpaka kulihitaji karatasi nyingine, naye hakuwa nazo wala pesa ya kuzitafuta. Akaiacha kwa ndugu yake upande wa Katuna. Ndugu yule, kwa nia njema kabisa, akaiweka jikoni karibu na jiko la mkaa ipate joto, akainywesha maji kila asubuhi na kila jioni. Baada ya mwezi mmoja, miti saba ilikuwa imekufa. Miwili iliyopona ni ile iliyokosa nafasi jikoni ikaachwa chini ya upenu wa nyumba, ikasahauliwa.

"Nilidhani baridi ndiyo iliyoniulia miti," anasema. "Kumbe baridi iliangusha majani tu. Maji ndiyo yaliyoozesha mizizi."

Maneno hayo ndiyo kiini cha makala haya.

KWA NINI CHUNGU HUSIKIA BARIDI KULIKO SHAMBA

Kigali iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari. Usiku wake wa kawaida una nyuzi joto 15 au 16. Mti wa nchi za joto huishi hapa bila taabu, awe nao mtu anayejua au asiyejua. Lakini joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6 kila unapopanda mita 100. Kabale iko kwenye mita kama 2,000. Byumba, wilayani Gicumbi, iko juu zaidi, mita 2,200 na ushei. Kinigi, chini ya volkano za Musanze, nayo ni hivyo hivyo. Kwa hesabu hiyo peke yake, ukitoka Gisimenti hadi Kabale umepoteza nyuzi tatu, na hadi Byumba umepoteza nne.

Nyuzi tatu zinaonekana chache kwa mtu mwenye koti. Kwa mti uliozoea usiku wa nyuzi 16, tena uliotolewa kwenye kibaraza chenye ukuta unaotunza joto la mchana, ni hatua kubwa. Ongeza na majira. Kuanzia Juni hadi Agosti, majira ambayo Wanyarwanda huyaita impeshyi na watu wa pwani huyajua kama kipupwe, mbingu huwa wazi. Mchana jua ni kali, watu wakadhani ni majira ya joto. Usiku hakuna mawingu ya kuzuia joto la ardhi lisipande angani, na kabla ya alfajiri baridi hushuka kuliko wakati wowote wa siku. Mawingu ni blanketi. Usiku usio na wingu ni kitanda kisicho na shuka.

Kisha kuna chungu chenyewe. Mti wa shambani mizizi yake imefunikwa na ardhi yote. Ardhi hupata joto polepole na kulipoteza polepole, hivyo hata usiku ukiwa mkali mizizi hulala pazuri. Mti wa chunguni mizizi yake imezungukwa na upepo pande zote, na udongo wake ni viganja vichache tu. Ukipoa, umepoa wote. Na chungu cha bonsai ni kifupi kwa makusudi, ili mti usikue. Kwa hiyo kile kinachoupa uzuri ndicho kinachouweka hatarini.

Jambo la tatu ni kwamba katika miti mingi mizizi haivumilii baridi kama shina na matawi. Shina limezaliwa hewani, limezoea. Mizizi imezaliwa kujificha.

KILA MTI UNA KWAO

Muuza miti anayevuka mipaka lazima ajue kwanza mti wake unatoka wapi, maana ushauri unaouokoa mti mmoja huweza kuua mwingine.

Kundi la kwanza ni miti ya nchi za joto. Humo mna fikasi, jamaa ya imivumu iliyokuwa ikipandwa kuzunguka maboma ya wafalme wa Rwanda, na ya mituba ya Buganda ambayo magome yake hutoa nguo. Bonsai nyingi zinazouzwa madukani duniani ni za ukoo huu, hasa ile yenye mizizi minene kama viazi. Fikasi ni mti mvumilivu, lakini haipendi kuhamishwa ghafla. Ukiubadilishia mwanga, joto na upepo kwa siku moja, hupukutisha majani. Usiku wa chini ya nyuzi 10 mfululizo huidhoofisha, na sakitu, yaani umande uliogeuka barafu, huiunguza.

Kundi la pili ni miti ya ukame. Maarufu zaidi ni mdagu, ambao wengine huuita waridi la jangwani. Huu ni mti wetu, huota wenyewe kwenye maeneo makavu ya Kenya na Tanzania, na leo unafugwa vyunguni kuanzia Thailand hadi Marekani. Una tumbo nene chini ya shina linalohifadhi maji. Utomvu wake ni sumu, ndiyo maana wawindaji wa kale waliutumia kwenye mishale, nawe unapoupogoa osha mikono. Mdagu ukipigwa na baridi ilhali udongo wake umelowa, huoza kuanzia mizizini, na unapokuja kugundua tumbo limeshakuwa laini kama ndizi iliyopitiliza. Wakati wa baridi mdagu hautaki maji. Unataka kukauka na kulala.

Kundi la tatu ni miti ya nchi zenye majira manne, kama misonobari ya Japani, mizabibu ya Ulaya na ile miti ya mepo yenye majani mekundu. Hii ni kinyume kabisa. Inahitaji baridi ili ilale, kama mkulima anavyohitaji usiku. Huko kwao, majira ya theluji yakikaribia, wafugaji hawaiingizi sebuleni. Huifukia ardhini pamoja na chungu chake, huizungushia majani makavu au maganda ya mbao, huiweka upande usio na upepo, au huipeleka kwenye banda lisilopashwa moto. Wanachokwepa si baridi yenyewe. Wanakwepa upepo mkavu unaonyonya maji ya majani wakati udongo umeganda na mizizi haiwezi kunywa, na wanakwepa udongo kuganda na kuyeyuka mara kwa mara hadi mizizi ikakatika. Msonobari wa namna hiyo ukiuweka kwenye sebule yenye joto mwaka mzima, utakaa kijani kwa muda ukikudanganya, kisha utakufa.

Kwa hiyo mfanyabiashara anayeletewa bonsai kutoka nje kwa bei nafuu aulize swali moja kabla ya kutoa pesa: mti huu hulala majira ya baridi au haulali? Ukiwa hulala, Kigali hakuna baridi ya kuulaza. Atanunua hasara iliyopambwa.

Kundi la nne ni miti ya milima yetu wenyewe. Mwerezi wa nyanda za juu za Kenya na mzeituni mwitu huota kwenye baridi tangu mbegu. Kwa mteja wa Kabale, Limuru au Njombe, mti wa namna hii uliooteshwa kwenye kitalu ni salama kuliko fikasi ya bondeni. Mama wa Gisimenti sasa huanza kumwonyesha mteja wa milimani miti hii kwanza, hata kama fikasi ndiyo yenye umbo la kuvutia.

SAKITU SI HADITHI YA ULAYA

Wapo wanaosema Afrika Mashariki hakuna baridi ya kuua mti. Waulize wakulima wa chai wa Kericho. Januari 2012 sakitu ilishuka kwenye mashamba yao, majani mabichi yakawa ya kahawia kama yaliyomwagiwa maji ya moto, na mavuno ya chai ya Kenya yakapungua. Waulize wakulima wa viazi wa Kinangop, ambao huamka asubuhi wakakuta majani yameungua. Au vuka hadi Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, Njombe na Makete, ambako Juni hadi Agosti nyasi huamka zikiwa nyeupe, na uwanda wa Kitulo huwa kama umepakwa chokaa.

Njombe hii ndiyo inayonunua miche mingi ya parachichi miaka ya karibuni. Mche wa parachichi wa mwaka wa kwanza nao ni mti wa mfukoni, mizizi yake iko kwenye kimfuko cha nailoni chenye udongo kidogo. Kwa hiyo hata kama hujawahi kugusa bonsai maishani mwako, kama unauza mche wowote wa kwenye kifuko kwenda milimani, somo ni lako pia.

ZOESHA KABLA YA KUVUKA

Kosa la kwanza la mama wetu lilikuwa kuitoa miti kibarazani Gisimenti na kuifikisha Kabale ndani ya saa chache. Mti haujui kwamba umeuzwa. Unajua tu kwamba jana kulikuwa na joto na leo hakuna.

Sasa anafanya hivi. Agizo la milimani likija, anaomba wiki tatu. Wiki ya kwanza anaisogeza miti mbali na ukuta, mahali penye hewa ya usiku. Kisha anaipeleka kwa jamaa yake karibu na Byumba, ambako ni juu kuliko Kabale yenyewe, na kuiweka chini ya upenu kwa wiki mbili. Majani machache huanguka huko. Afadhali yaanguke mikononi mwake kuliko mbele ya mteja. Mti utakaoonekana kudhoofika sana hurudi Gisimenti, na mpaka bado haujavukwa, hivyo hakuna karatasi iliyopotea.

Katika muda huo hakati mizizi wala kubadilisha chungu. Mti uliokatwa mizizi huhitaji wiki kadhaa kuotesha vinyweleo vipya vya kunywea maji. Ukiupeleka kwenye baridi kabla ya hapo ni kama kumtoa mgonjwa hospitalini siku ya upasuaji. Vilevile hatii mbolea ya kukuza majani. Majani mapya ni laini, na baridi huanza na kilicho laini.

NJIANI

Kosa la pili lilikuwa pikapu iliyo wazi. Gari likienda kilomita 60 kwa saa alfajiri ya mlimani, upepo wake hukausha majani kuliko usiku mzima wa kusimama. Kutoka Kigali hadi Gatuna ni kama kilomita 80 za kona na vilima, na nyingi za mwisho ziko juu.

Turubai ni lazima, lakini lisiguse majani. Nailoni au turubai likilalia jani, baridi ya nje hupita moja kwa moja. Funga fito au mbao juu ya vyungu, kisha tandaza turubai juu yake kama hema. Vyungu vyenyewe vibanwe pamoja, kimoja kikimkinga mwenzake, na katikati kujazwe majani makavu, maranda au magunia. Miti dhaifu iwe katikati, yenye nguvu pembeni.

Safiri mchana ikiwezekana. Saa tisa usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ndiyo saa za baridi kuliko zote. Na usisahau kwamba saa za Uganda ziko mbele ya saa za Rwanda kwa saa moja. Ukimwambia mteja wa Kabale utafika saa nane kwa saa yako, yeye atakuwa amekungoja tangu saa nane yake, na miti itakayopokelewa kwa hasira hupangwa popote.

MAJI: ADUI ANAYEJA NA KIKOMBE

Hapa ndipo wengi huangamiza miti wakidhani wanaiokoa. Majani yakianguka, mtu huona mti una kiu. Lakini majani ndiyo yanayotumia maji. Mti usio na majani hunywa kidogo sana. Ukiendelea kuumwagia kama zamani, maji hukaa kwenye udongo baridi, hewa hukosa nafasi, mizizi hukosa pumzi, ukungu huingia, na kuoza huanza.

Kanuni ni kidole, si kalenda. Ingiza kidole kwenye udongo hadi kwenye pingili ya kwanza. Kukiwa na unyevu, acha. Kukiwa kukavu, nywesha hadi maji yatoke chini ya chungu, kisha ngoja tena. Nywesha asubuhi ili majani yakauke kabla ya usiku. Usinyweshe jioni kwa kumwagia majani.

Kuna jambo moja linalochanganya watu. Usiku wa sakitu ukitarajiwa, udongo wenye unyevu kiasi ni bora kuliko uliokauka kabisa, kwa sababu maji hutunza joto la mchana. Kwa hiyo fikasi au mche wa parachichi hunyweshwa asubuhi ya siku hiyo. Mdagu haumo katika kanuni hii. Mdagu uache mkavu.

Mahali pa kulaza vyungu usiku ni chini ya upenu au paa la makuti, karibu na ukuta uliopigwa na jua mchana. Paa hufanya kazi ya wingu. Viinue kidogo juu ya mbao visikae kwenye saruji tupu. Usiviweke bondeni, kwa sababu hewa baridi ni nzito na huteremka kama maji hadi chini ya bonde. Tena usiviweke jikoni kando ya jiko. Joto kavu la mkaa na moshi hukamua maji ya mti kwa upande mmoja, huku upande wa pili ukiwa na baridi.

USIUTUPE UPESI

Mti ulioangusha majani si maiti. Kwaruza gome kwa ukucha, mahali padogo kwenye tawi. Chini yake pakiwa na kijani na unyevu, tawi hilo ni hai. Pakiwa na rangi ya kahawia na pakavu, teremka chini kidogo ukwaruze tena, hadi ufike kwenye shina. Miti mingi huwa imekufa ncha tu.

Ukikuta kijani, usipogoe mara moja. Ncha zilizoungua huendelea kuwakinga machipukizi ya chini dhidi ya baridi ya usiku ujao. Subiri joto lirudi na machipukizi yaonekane, ndipo ukate kilichokufa. Fikasi huweza kuvaa majani mapya ndani ya wiki sita hadi nane ikipata mwanga, utulivu na maji kidogo.

Ile miti tisa ya Kabale, kama angeikwaruza siku aliyoitwa, pengine angekuta kijani kwenye yote. Angemwonyesha mteja kwa ukucha wake kwamba mti uko hai, akaomba muda. Badala yake alikubali kwamba imekufa, akaitendea kama iliyokufa, ikafa.

Kwamba mti wa chunguni una moyo mgumu, ushahidi upo. Katika bustani ya taifa ya miti mjini Washington, Marekani, kuna msonobari mweupe wa Japani ulioanza kufugwa chunguni mwaka 1625. Ulikuwa kwenye bustani ya familia ya Yamaki mjini Hiroshima siku bomu la atomiki lilipoangushwa mwaka 1945, ukiwa nyuma ya ukuta, ukapona. Familia iliutoa zawadi mwaka 1976, na ni mwaka 2001, wajukuu walipotembelea, ndipo watunzaji walipojua mti huo ulinusurika nini. Umepita majira ya baridi mamia, kwa sababu kila kizazi kilijua wapi pa kuuweka usiku.

KARATASI HUOKOA KULIKO TURUBAI

Mti ni mmea hai, na mmea hai hauvuki mpaka kama sabuni. Wadudu na magonjwa husafiri nao. Nchi inayopokea ina haki ya kudai kibali cha kuingiza mimea kabla hujapakia, na nchi unayotoka hukagua shehena na kutoa cheti cha usafi wa mimea. Rwanda kazi hiyo hufanywa na RICA, Kenya na KEPHIS, Tanzania na TPHPA, na Uganda na idara husika ya wizara ya kilimo.

Wafanyabiashara wadogo wengi wanajua utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaoruhusu bidhaa za asili ya nchi wanachama zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Kimarekani, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, kuvuka kwa cheti rahisi cha uasilia. Utaratibu huo hupunguza ushuru na foleni. Hauondoi ukaguzi wa mimea. Anayechanganya mambo haya mawili huachwa kwenye baridi ya mpakani na vyungu vyake, na hapo ndipo miti hufa ikisubiri.

Mambo matatu ya kukumbuka. Kwanza, zoesha mti kabla, kisha ndipo uite mkaguzi, kwa sababu cheti huandikiwa shehena ile ile aliyoiona, na kina muda wake. Pili, uliza mapema kuhusu udongo. Nchi nyingi hazitaki udongo wa nchi nyingine, hivyo wajuzi hupanda kwenye changarawe, makapi ya nazi au mchanganyiko usio na udongo wa shamba. Mchanganyiko huo pia hupitisha maji upesi, na mizizi haiozi. Tatu, usichimbe mti porini ukaugeuza bonsai. Shubiri karibu zote isipokuwa ile ya dawa inayolimwa, na mimea mingi ya ukoo wa mnyaa na mtupa, imo kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES, na kuivusha bila kibali ni kosa. Uza ulichootesha.

Na kama mti utarudishwa, ujue mapema utarudi kwa karatasi gani, au utakaa kwa nani. Andikeni na mteja.

HESABU YA CHUNGU CHA NANE

Tuchukue mfano. Tuseme kila chungu umekinunua na kukitunza kwa faranga 10,000, na unakiuza 18,000. Vyungu 24 ni faranga 240,000. Usafiri na karatasi tuseme 60,000. Umetoa 300,000. Vyote vikifika salama, unapokea 432,000, faida ni 132,000.

Vikifa saba, unabaki na 17, sawa na 306,000. Umefanya kazi mwezi mzima kwa faranga 6,000. Kikifa cha nane, unapokea 288,000, na umeanza kula mtaji. Vikikataliwa tisa, kama ilivyompata mama wetu, katika mfano huu ungepoteza 30,000, mbali na nauli ya kwenda kuvifuata.

Sasa weka upande wa pili turubai la kukodi, gunia mbili za maranda na wiki mbili za upenu wa jamaa Byumba. Hata ukilipa 20,000 kwa hayo yote, faida yako ni 112,000. Unanunua usalama wa mtaji kwa bei ya vyungu viwili.

Mama wa Gisimenti anasema siku hizi mteja wa milimani humuuliza maswali manne kabla ya bei: mti utakaa ndani au nje, usiku kuna baridi kiasi gani, nani ataunywesha, na jikoni kuko umbali gani? Mteja akicheka swali la mwisho, humsimulia habari ya Katuna. Kisha humkabidhi karatasi ndogo aliyoiandika kwa Kiswahili, lugha inayosomeka pande zote mbili za mpaka, yenye mistari mitatu: weka chini ya upenu, gusa udongo kabla ya kunywesha, majani yakianguka nipigie simu usitupe.

Mwezi huu ana agizo jingine la Kabale, kutoka kwa mteja yule yule. Vyungu kumi tu, naye ndiye aliyependekeza idadi hiyo. Viko Byumba tangu wiki iliyopita. Ile fikasi miwili iliyopona chini ya upenu wa Katuna haimo, kwa sababu haiuzi. Ndugu yake bado anaitunza huko huko, na haijaingizwa jikoni tena.